Pembe Iliyoingia Ndani: Sauti na Gari la Nyika Mkoani Singida

Wahenga wa pwani walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ilikuwa pembe, na sauti yake haikuwa na mlango: aliyekaa barazani aliisikia, na aliyeinama shambani aliisikia. Gari lilipoingia bara lilirithi kazi ya pembe hiyo kabla halijawa chombo cha starehe. Historia ya sauti katika magari ya nyika ni habari ya pembe iliyoshushwa kutoka juu ya paa, ikaingizwa ndani, kisha vioo vikapandishwa.

Mkoa wa Singida unaonyesha safari hiyo waziwazi. Ni uwanda mkavu katikati ya Tanzania, wenye majabali makubwa, maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai, na mashamba ya mtama na alizeti. Magharibi yake, mlima Sekenke huteremkia mbuga ya Wembere, ambako udongo mweusi hugeuka ulimbo mvua zinapokolea. Kabla lami haijatandazwa katika miaka ya 2000 kwenye njia kuu itokayo Dodoma, gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne lilikuwa mateka wa mvua. Vijiji vya Wanyaturu na Wanyiramba viliona magari machache, na gari likija, aghalabu lilikuja na ujumbe.

Mfano wa mapema wa gari la ujumbe ulitokea upande mwingine wa Tanganyika, huko Vugiri katika milima ya Usambara. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa majaribio ya sinema ulitengeneza filamu na kuzizungusha kwa lori. Picha zilikuwa bubu. Maneno, ya Kiswahili na ya lugha nyingine, yalitiwa katika sahani za santuri na kupigwa kwa kipaza sauti picha zikipita. Wasomaji wa visiwani watakumbuka kwamba Siti binti Saad alikwisha kurekodi sahani zake Bombay mwaka 1928. Sasa sahani ilipanda lori, ikasemea hadhara.

Baada ya uhuru, magari ya sinema na ya matangazo ya serikali yaliendelea kuzunguka mikoani. Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa bati tupu ndani, isiyojali masikio ya dereva. Usikivu ulikuwa wa jamaa. Katika kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 nchini kote walijumuika vikundi kwa vikundi kusikiliza na kujadiliana. Redio moja ilitosha watu wengi.

Wakati huo, kwingineko duniani, sauti ilikuwa ikihamia ndani. Ndugu wawili wa ukoo wa Galvin, huko Chicago, walianza kuuza redio ya gari iliyoitwa Motorola mwaka 1930. Kaseti ya Philips ilitokea mwaka 1963. Mageuzi makubwa yalikuja na magari ya General Motors ya mwaka 1983, ambayo mitambo yake ya muziki ilibuniwa na kampuni ya Bose kwa kupima umbo la kila gari. Tangu hapo kiwanda chenyewe kilikuwa fundi wa muziki.

Magari ya nyika yalichelewa, kwa sababu ni vyumba vigumu kwa muziki: dizeli huguruma, matairi huvuma, mabati hutetemeka, na spika hukaa karibu na magoti badala ya masikio. Mafundi walijibu kwa vioo vizito, kwa kuchelewesha sauti ya spika iliyo karibu ili ifike pamoja na ya iliyo mbali, na kwa vikuza sauti vinavyoongeza nguvu kadiri mwendo unavyozidi. Range Rover Evoque ilitoka mwaka 2011 ikiwa na mitambo ya Meridian, na Land Cruiser za hadhi ya juu zikawekewa spika 14 za JBL.

Watanzania waliliita gari la namna hiyo shangingi, jina lililobeba kejeli ndani yake. Ndugu yake maskini ni Land Cruiser yenye mkonga, ya jamii iliyoanza kuundwa mwaka 1984, ambayo hubeba wagonjwa na chanjo hadi mwisho wa njia. Hiyo haikuhesabiwa miongoni mwa zinazostahili muziki.

Lakini pembe ya paani haikufa. Msimu wa uchaguzi, magari yaliyofungwa spika kubwa hupita vijijini Singida yakipiga kelele, na nusu ya maneno humezwa na mkwaruzo. Hapo ndipo penye jambo la kuwahuzunisha wapenzi wa ushairi, ambao wanajua kwamba neno lisilosikika sawasawa halijasemwa. Elimu ya kusafisha sauti katika gari linalotetemeka imekamilika, ila imefungiwa ndani ya vioo. Walio ndani wamepewa ubora. Walio nje wamepewa ukubwa. Mgambo wa kale hakuwa na mitambo, lakini hakumpigia pembe mtu mmoja.