Chumvi ya Ivuna na Presha ya Leo

Kabla chumvi ya paketi haijajaa maduka ya Sumbawanga, chumvi ilipatikana kwa jasho. Chini ya uwanda wa Ufipa, kusini mwa Ziwa Rukwa, ziko chemchemi za maji ya chumvi za Ivuna. Katika miaka ya 1960 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba hapo na kubaini kuwa kazi ya chumvi ilianza karne ya 13 hivi. Udongo wenye chumvi ulichujwa kwa maji, kisha maji hayo yakachemshwa vyunguni hadi yakauke. Kilichobaki kiligharimu kuni nyingi na siku nzima za kazi.

Mwili wa binadamu umejengeka kuishi katika uhaba huo wa chumvi. Presha ya damu ikishuka ghafla, mishipa mikubwa ya shingoni huuarifu ubongo, na moyo ukaongeza kasi papo hapo. Figo nazo hutoa renini, iliyogunduliwa Stockholm mwaka 1898 na Robert Tigerstedt na Per Bergman, walipowadunga sungura maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye figo. Renini huzalisha angiotensini, inayobana mishipa na kuchochea tezi zilizo juu ya figo zitoe aldosteroni. Homoni hii huzuia chumvi isitoke na mkojo. Chumvi ikibaki, maji nayo hubaki, na presha hupanda.

Je, wingi wa chumvi ukija? Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini nchini Kenya, aliandika katika jarida la Lancet kwamba presha ya wenyeji aliowapima haikupanda kwa umri kama ya Wazungu. Mwaka 1990 utafiti wa Neil Poulter na wenzake ukaonyesha upande wa pili: Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi presha yao ilipanda mapema baada ya kufika, na mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi kuliko wa waliobaki nyumbani. Uzito na mikiki ya mji navyo huchangia.

Kwa hiyo anayeambiwa zahanati ya Sumbawanga kuwa ana presha asidhani ni ugonjwa wa ukoo tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na dagaa wakavu. Na kwa kuwa presha haina dalili za kuaminika, njia ya kuijua ni kupima.