Malikale ndani ya Hifadhi ya Virunga

Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliundwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa ajili ya gorila wa milimani. Leo ina hekta zipatazo 790,000, kuanzia jirani na Goma hadi milima ya Ruwenzori. UNESCO iliiorodhesha mwaka 1979 kwa vigezo vya maumbile pekee. Binadamu wa kale hakuhesabiwa, ingawa alama zake humo ni miongoni mwa zile zinazojulikana zaidi Afrika.

Kule Ishango, Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, mjiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mwaka 1950 kijifupa chenye mikato 168 iliyopangwa katika safu tatu. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 au zaidi. Wapo wanaosoma humo hesabu, wapo wanaoona kalenda ya mwezi, na ubishi huo haudhuru kitu. Karibu na hapo, Katanda, vilipatikana vyusa vya mfupa pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalivipa miaka ipatayo 90,000, umri uliowashtua wengi kiasi cha kutiliwa shaka.

Mabishano kuhusu umri huamuliwa na udongo. Kijifupa chenyewe kiko Brussels, lakini umri wake unategemea tabaka la Ishango lililokihifadhi. Hapa ndipo malikale inapotofautiana na wanyama. Gorila wa milimani, waliodhaniwa kuelekea kutoweka, walipita 1,000 katika hesabu iliyotangazwa mwaka 2018. Msitu uliokatwa nao huweza kuota tena. Tabaka lililochimbwa kwa msingi wa nyumba, shimo la choo au handaki la askari halirudi.

Ni kweli kwamba kuzuia kilimo kumeyalinda maeneo haya bila mtu kukusudia. Lakini ulinzi wa bahati hautoshi katika hifadhi iliyowekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1994. Sheria ya Kongo ya mali za utamaduni ni ya mwaka 1971, ile ya uhifadhi wa maumbile ni ya 2014, na kila moja ina taasisi yake. Mlinzi wa doria hufundishwa kuutambua mtego wa waya. Tabaka la makombe ya konokono ukingoni mwa mto, linaloweza kuficha malikale, halimhusu.

Kenya ilianzia upande wa pili. Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda ilianza kutangazwa kuwa mnara wa taifa mwaka 1992, chini ya Makumbusho ya Taifa, na mwaka 2008 kaya kadhaa zikaingia katika urithi wa dunia kama utamaduni. Miti ilipona kwa kuwa makaburi na mahali pa ibada palilindwa.

Virunga haihitaji sheria mpya ili kuanza. Ramani za doria zinaweza kuonyesha maeneo ya Ishango na Katanda, na ujenzi wowote kando ya Semliki ukatanguliwa na uchunguzi wa akiolojia, kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi.