Utafutaji na Uchujaji katika API

Kiolesura cha programu, yaani API, huhitaji utafutaji na uchujaji pale data inapokuwa nyingi kuliko anayeiomba anavyoweza kuipokea yote. Utafutaji hupokea neno na kulitafuta ndani ya maandishi ya kumbukumbu. Uchujaji hupokea sharti juu ya sehemu maalumu, kama nchi au mwaka. Kumbukumbu inayolitimiza hubaki, nyingine huachwa. Sharti hilo ndilo kichujio.

Mfano mzuri ni API ya GBIF, hazina ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe, ambayo Tanzania hushiriki kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kigezo country=TZ huchuja kumbukumbu za Tanzania, year=1950,1975 huchuja za kuanzia mwaka 1950 hadi 1975, na q hutafuta neno lolote. Vigezo tofauti vikiunganishwa, kumbukumbu hutakiwa kuvitimiza vyote. Kigezo kimoja kikirudiwa kwa thamani tofauti, yatosha kutimiza mojawapo.

Mtafiti wa mimea ya Kagerankanda, katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, huona kwa nini huduma zote mbili zinahitajika. Jina hilo huandikwa pia Kagera Nkanda, hivyo kichujio kinachodai tahajia moja hupoteza kumbukumbu zenye nyingine. Wilaya nazo hubadilika: Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, na vielelezo vya mimea vilivyokusanywa huko kabla ya hapo hubeba jina la Kibondo. Kwa hali kama hiyo, GBIF huruhusu pia kuchuja kwa poligoni ya latitudo na longitudo, ambayo haitegemei jina. Hata hivyo, kichujio hicho huacha vielelezo vya zamani visivyo na viwianishi, na hivyo utafutaji wa neno hubaki na kazi.

Kwa mjenzi wa API, uchujaji hufanyika kwenye hifadhidata, si baada ya data yote kusafirishwa. Sehemu zinazochujwa mara kwa mara huwekewa faharasa. Thamani za mtumiaji hupitishwa kama vigezo, haziunganishwi moja kwa moja na amri ya SQL, ili kuzuia udukuzi. Ni vyema kigezo kisichojulikana kikataliwe kwa ujumbe ulio wazi, kwa kuwa kukipuuza humpa mtumiaji majibu asiyoyaomba. Mwisho, matokeo hugawanywa katika kurasa: GBIF hutoa kumbukumbu 20 kwa kawaida na zisizozidi 300 kwa ombi moja, pamoja na jumla ya zilizopatikana.