Kuinua Mwamba wa Pua

Kuinua mwamba wa pua ni tiba ambayo kwayo sehemu ya juu ya pua, iliyo bapa kwa maumbile ama iliyobonyea kwa ajali au maradhi, huongezwa kimo. Na ubapa wa maumbile, walio nao mamilioni ya watu wa Asia na Afrika, si ila wala ugonjwa. Mwishoni mwa karne ya 19 matabibu wa Ulaya walidunga parafini puani ili kuinua mwamba, lakini madhara yake yalikithiri hata ikaachwa.

Leo njia mashuhuri ni tatu. Ya kwanza ni gegedu la mgonjwa mwenyewe, litwaliwalo katika kiwambo cha pua, sikio au ubavu, ambalo mwili hulikubali kwa wepesi, ingawa lile la ubavu huweza kupinda. Ya pili ni kipandikizi cha silikoni, kitumikacho sana Korea Kusini, ambacho huweza kuhama, kuingiwa na vijidudu au kutoboa ngozi. Ya tatu ni sindano ya asidi ya hayaluroniki, ambayo athari yake ni ya muda na huweza kuyeyushwa kwa dawa. Lakini ikiingia mshipani huweza kuua ngozi na, kwa nadra, kuleta upofu, kwa hiyo haistahili kudungwa ila na tabibu mahiri.