Mpaka Uliovukwa: Historia ya Kuhariri Jeni za Binadamu

Mwishoni mwa Novemba 2018, He Jiankui, mtafiti wa chuo kikuu kimoja mjini Shenzhen, China, alitangaza kuwa wamezaliwa mapacha wa kike ambao alibadilisha jeni zao wangali viinitete. Aliwaita kwa majina ya bandia, Lulu na Nana. Hao ndio watoto wa kwanza duniani wanaojulikana kuzaliwa kwa njia hiyo.

Tahadhari zilikuwa zimetolewa mapema. Mwaka 1974, Paul Berg na wenzake nchini Marekani waliwaomba wanasayansi wasitishe kwa hiari baadhi ya majaribio ya kuunganisha DNA za viumbe tofauti. Februari 1975, wataalamu wapatao 140 walikutana Asilomar, California, wakaweka masharti ya usalama wa maabara. Suala la kumbadilisha binadamu mwenyewe waliliweka kando.

Zana ya kazi hiyo ilipatikana mwaka 2012. Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha kuwa CRISPR-Cas9, inayotokana na kinga ya bakteria dhidi ya virusi, inaweza kuelekezwa ikate DNA mahali palipochaguliwa. Ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Desemba 2015, mkutano wa kimataifa mjini Washington ulitamka kuwa kuzalisha watoto kwa viinitete vilivyohaririwa ni kukosa uwajibikaji, hadi usalama uthibitike na jamii iridhie.

He hakungoja. Baba wa mapacha alikuwa na virusi vya UKIMWI, naye He akailenga jeni ya CCR5, inayotengeneza protini ambayo virusi hivyo huitumia kama mlango wa kuingia kwenye seli. Lakini tayari kulikuwa na njia ya kuosha mbegu za kiume ili mtoto asiambukizwe. Isitoshe, pacha mmoja alibaki na nakala moja ya jeni hiyo bila kubadilishwa. Desemba 2019 mahakama ilimfunga He miaka mitatu na kumtoza faini ya yuani milioni 3. Ilibainika pia kuwa nyaraka za idhini ya kimaadili zilighushiwa.

Kosa hilo lisitufanye tuikatae sayansi yenyewe. Mwishoni mwa 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu inayotumia zana hiyohiyo. Seli za uboho wa mgonjwa hutolewa, zikahaririwa, kisha zikarudishwa mwilini mwake. Mgonjwa anaelezwa hatari na kuamua mwenyewe, na mabadiliko hayo hayarithiwi na wanawe. Mapacha wa China hawakuulizwa, na wajukuu wao hawawezi kuulizwa. Hapo ndipo penye mpaka wa haki.

Upande wa pili wa haki unatugusa sisi. Tanzania, Uganda na Kenya zina watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, ilhali tiba hiyo nchini Marekani ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mabunge yetu yatunge sheria zinazokataza wazi kuzalisha watoto waliohaririwa jeni, na serikali zetu zidai, kwa sauti moja, tiba ya selimundu ambayo wagonjwa wetu wataimudu.