Bei Chini ya Nguo

Neno chapa, ambalo vijana wafanyao kazi ya kutangaza bidhaa mtandaoni hulitaja kana kwamba limezaliwa juzi ndani ya simu, katika nchi ya Garissa, kaskazini-mashariki mwa Kenya, lina umri mkubwa kuliko duka lolote; kwani Wasomali wa pande hizo wamekuwa tangu kale wakiwachoma ngamia wao kwa chuma cha moto, wakiwatia alama waiitayo summad, ambayo mchungaji akutanaye na ngamia aliyepotea huitazama na kutambua ni wa ukoo gani, hata ikiwa yeye mwenyewe hajui kuandika jina lake.

Alama ilikuwa bayana. Bei ndiyo iliyokuwa siri. Sokoni, asimamaye baina ya muuzaji na mnunuzi ni dilaal, neno lile lile la Kiarabu ambalo sisi wa pwani tumelifanya dalali. Lakini dalali wa mnada wetu hunadi kwa sauti mpaka koo likakauka, ilhali huyu, kwa desturi ya wafanyabiashara wa mifugo wa Kisomali, humshika mwenzake mkono chini ya nguo, na vidole vikasema shilingi ngapi, watazamaji wasiambulie kitu. Wala kazi yake kubwa si kusifu mnyama, maana mnyama anaonekana kwa macho. Kazi yake ni dhamana, kwamba ng'ombe huyu si wa wizi, kwamba aliyemleta anajulikana na kwao kunajulikana, na mambo yakiharibika yeye dilaal ndiye wa kwanza kuulizwa.

Ubao wa barabarani na gazeti, vilivyokuza biashara ya matangazo Nairobi na Mombasa, havikupata nafasi kubwa huko. Serikali ya kikoloni iliifunga nchi hiyo, ikaikazia zaidi kwa sheria ya mwaka 1934, hata ikawa kuingia na kutoka ni kwa ruhusa. Na baada ya uhuru vikaja vita vya kutaka kujitenga, vya 1963 hadi 1967, pamoja na hali ya hatari ambayo haikuondolewa ila mwaka 1991. Redio ilipenya, naam, kwani BBC ilianza kutangaza kwa Kisomali mwaka 1957. Lakini BBC, kama ijulikanavyo, haiuzi sabuni.

Mwaka huo huo wa 1991 serikali ya Siad Barre wa Somalia ilianguka Mogadishu. Wakimbizi wakavuka mpaka, kambi za Dadaab zikasimama, na ng'ombe wa bonde la Juba wakamiminika katika soko la Garissa, wakapakiwa malori kwenda Nairobi. Huko Nairobi, mtaani Eastleigh, palikuwa na nyumba ya kulala wageni iitwayo Garissa Lodge, ambayo wageni wake walianza kuuza nguo vyumbani mwao, chumba kikawa duka mchana na malazi usiku, mpaka mwenye nyumba akaona heri aigeuze yote kuwa maduka. Na jina la mji wa ukingoni mwa mto Tana likaenea katika Afrika Mashariki kuwa jina la mahali pa bei nafuu, si kwa matangazo ya kulipiwa, bali kwa mdomo wa mnunuzi kwa jirani yake. Sidhani kuna wakala wa matangazo aliyewahi kufanya kazi nzuri kuliko hiyo.

M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na mikonga ya intaneti ya chini ya bahari ilipofika Mombasa mwaka 2009, biashara ya Garissa nayo ikahamia taratibu kwenye Facebook na WhatsApp, na baadaye TikTok. Wataalamu hulalamika kwamba wauzaji wa mtandaoni wanaficha bei, wakimtaka mnunuzi aandike faraghani, na husema kwamba tabia hiyo inawafukuza wateja. Huenda ni kweli kwa viatu. Lakini juzi nililetewa picha ya ngamia anayeuzwa, amesimama kwenye mchanga mwekundu, upande wenye alama umeelekezwa kwa makusudi kwenye kamera, na chini yake namba ya simu ya dalali; bei haikuandikwa, na aliyeniletea, mzee wa huko, wala hakuiulizia: aliikuza picha kwa vidole viwili, akaisoma ile alama, kisha akapiga simu.