Sanamu Inapokataa: Mgogoro wa Mwisho wa Tamthilia ya Pygmalion, 1913–1956

Kisasili cha Kigiriki cha Pygmalion kinafahamika zaidi kupitia kitabu cha 10 cha Metamorphoses, utenzi wa Mrumi Ovid. Mchongaji wa Kupro anaipenda sanamu ya pembe za ndovu aliyoichonga mwenyewe, na mapenzi yake hayana jibu hadi Venus anapoipa sanamu uhai. Aghalabu husahaulika kwamba mwanamke huyo, kwa Ovid, hana jina wala hasemi neno. Anaamka, anaona haya, anaolewa.

George Bernard Shaw alimpa sauti. Katika tamthilia yake, iliyoigizwa kwanza Vienna, kwa Kijerumani, mwaka 1913, na London mwaka 1914, mchongaji ni Henry Higgins, mtaalamu wa fonetiki, na sanamu ni Eliza Doolittle, muuza maua. Kinachochongwa ni matamshi, na hapo ndipo kisasili kinapogeuka: anayefundishwa kusema huweza kusema asiyotarajiwa na mwalimu. Mapenzi yasiyojibiwa nayo yamehama upande. Eliza ndiye anayetaka kuthaminiwa. Higgins hata haoni kuna la kujibu. Hatimaye anamwaga kwa lugha ileile aliyomfunza.

Kumbi za maonyesho hazikuuvumilia mwisho huo. Huko London, Herbert Beerbohm Tree, aliyemwigiza Higgins, alijiongezea kitendo cha kumrushia Eliza maua kabla ya pazia kushuka, jambo lililomkasirisha Shaw. Mwaka 1916 Shaw aliambatisha maelezo ya nathari kwamba Eliza aliolewa na Freddy, kijana aliyempenda. Utetezi huo una kasoro. Ulisomwa na wenye kitabu, si na hadhira ukumbini. Tena Shaw, akimlinda Eliza dhidi ya mume mmoja, alimchagulia mwingine.

Filamu ya mwaka 1938 ilimrudisha Eliza nyumbani kwa Higgins, ingawa Shaw alitunukiwa Oscar kwa mswada wake. Alifariki mwaka 1950. Miaka sita baadaye, tamthilia ya muziki My Fair Lady, iliyofunguliwa New York, iliufuata mwisho wa filamu: Higgins, akiwa amejiegemeza kitini, anauliza ndara zake ziko wapi. Pazia linashuka kabla Eliza hajajibu.